Kwenda Kuangalia Mawe



Barua ya juma hili haikusafiri mbali. Mwenye kuiandika anakaa hapa hapa Karuba, na kama angalisimama mlangoni pake akaita kwa nguvu, tungalimsikia. Lakini ameona afadhali kuandika, kwa kuwa jambo lenyewe limezua ubishi nyumbani mwake, naye ataka lisemwe mbele ya wote bila jina la mtu. Basi jina hatulitaji. Itoshe kusema kwamba ni mwalimu mwenzetu, baba wa watoto sita, na mkewe huuza maziwa na jibini.

Mtoto wao wa kwanza anakaa Dar es Salaam. Kazi yake ni kutoa bandarini mizigo ya wafanyabiashara wa Kongo, na kwa kazi hiyo amejiwekea akiba kidogo. Mwaka huu wazazi wake watimiza miaka 30 ya ndoa, naye amewaalika, pamoja na dada yake wa mwisho, wakae kwake siku chache, kisha wote wapande meli wavuke kwenda Zanzibar kwa siku tatu. Mpaka hapo kila mtu alifurahi. Ubishi ulianza pale binti, aliye mwaka wa tatu wa sekondari, alipoomba neno moja: kwamba kabla ya kupanda meli waongeze siku moja ya kwenda kisiwa cha Mbudya, karibu na Dar es Salaam, ili akaone matumbawe aliyofundishwa katika somo la viumbe.

Baba akauliza matumbawe ni nini. Binti akajibu kwamba ni kama mawe yaliyo chini ya bahari. "Mawe!" asema baba katika barua yake. "Tutoke Karuba, tupite Goma ambako kuta na viwanja vyote ni mawe, twende zaidi ya kilomita 1,500 kuangalia mawe mengine? Na tena ndani ya maji?"

Mama naye hakusema kitu. Baba adhani ni kwa sababu ya fedha. Sisi tunaomjua mama huyo twadhani sivyo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iitwayo Merdi ilitoka Minova kwenda Goma, imejaa watu kupita kiasi, ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Wakati ule njia ya nchi kavu ipitayo Sake ilikuwa imekatwa na vita, na wengi hawakuwa na njia nyingine ila ziwa. Waliokufa walikuwa makumi kwa makumi. Mama huyu alikuwa na binti wa dada yake katika mashua ile. Tangu siku hiyo hajagusa maji ya ziwa hata kwa kidole.

Basi katika nyumba moja mna maswali matatu, na barua imeuliza moja tu. Tutayajibu yote, tukianza na baba kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu.

Baba, mawe ya Goma twayajua yalikotoka. Yalitoka motoni. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake mpaka katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ukafika tena ukingoni mwake. Watu walingoja ukapoa, wakachukua nyundo, wakajenga juu ya jiwe lile lile lililowafukuza. Lakini jiwe la matumbawe halikutoka motoni. Limejengwa na mnyama.

Mnyama mwenyewe ni mdogo. Wengi hawapiti ukubwa wa punje ya mtama. Hana macho wala miguu, ana mdomo tu, nao umezungukwa na vidole laini vya kukamatia chakula. Huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akaifanya kikombe kigumu cha kukalia. Juu ya kikombe cha zamani hujenga kipya, na jirani yake hivyo hivyo, maelfu kwa maelfu, wakishikamana. Aina nyingine hufanya matawi kama ya mti, nazo hukua upesi. Nyingine hufanya kichwa cha mviringo ambacho kwa mwaka mzima hakiongezeki zaidi ya upana wa kidole. Kwa hiyo kichwa kilicho kikubwa kama ngoma ya parokia yetu kilianza kujengwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Na ndani ya mwili wa mnyama huyu inakaa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo hupika chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu matumbawe hupenda maji yenye joto, ya kina kifupi, masafi kama kioo. Ziwa Kivu halina matumbawe ya namna hii. Yataka maji ya chumvi.

Matumbawe yameshika chini ya sehemu moja ya mia ya sakafu ya bahari zote, na hata hivyo yapata robo ya aina zote za viumbe vya bahari hupata humo makao au chakula. Hata mchanga mweupe wa pwani, ule unaosifiwa katika picha, sehemu yake kubwa umepita tumboni mwa samaki aitwaye pono. Huyu ana mdomo kama wa kasuku, huguguna matumbawe, na kile asichoweza kula hukitoa kikiwa mchanga. Baba akiwa amelala ufukweni chini ya kivuli, akumbuke amelalia nini.

Sasa twaja kwenye sababu yetu kubwa, na hapa twamuunga mkono binti kuliko yeye mwenyewe alivyojitetea. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao ndio mwisho wa safari yao, umejengwa kwa jiwe hilo. Kuta zake nene ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Yameshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya kuni. Na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mwaka 2000 mji huo uliandikwa katika urithi wa dunia. Lakini jiwe hilo hunywa maji kama mkate, na nyumba isiyopakwa chokaa mara kwa mara huanza kuoza. Beit el-Ajaib, jumba kubwa la masultani lililojengwa mwaka 1883, liliangukia barazani siku ya Noeli ya mwaka 2020, sehemu yake kubwa, na watu wakafa. Basi mtu anayeshuka melini bila kuyajua matumbawe ataona kuta zilizochakaa, atapiga picha moja, na kuuliza kama kuna mahali pa kununua soda. Lakini aliyeinama juzi yake juu ya maji ya Mbudya na kuona yale matawi yakiwa hai atasimama mbele ya ukuta uliobanduka, na humo ndani ya jiwe ataona alama za vikombe vile vile. Kuona matumbawe baada ya Zanzibar si vibaya. Kuyaona kabla ni sawa na kujua alfabeti kabla ya kufungua kitabu.

Sababu ya pili ni ya wasafiri wenyewe. Kuna meli kubwa za matembezi, zenye abiria elfu mbili na zaidi, ambazo katika majira yake hutia nanga Mombasa na Zanzibar. Wenye kusafiri kwa meli za namna hiyo wana kanuni moja wanayoishika sana: fika bandarini siku moja au mbili kabla, kwa maana meli haimngojei mtu aliyecheleweshwa njiani. Na kwa kuwa siku hizo lazima zilipiwe, huzitumia kuona kitu kilicho karibu, na wako wanaochagua matumbawe. (Tukiwa katika habari za meli: karakana ya Meyer ya Papenburg, Ujerumani, ambayo siku hizi huunda baadhi ya meli kubwa kabisa za matembezi, ndiyo iliyounda Liemba ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Ililetwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa katika vita mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924. Wazee wa Uvira na Kalemie wataifurahia habari hiyo.) Familia yetu ya Karuba haitapanda jumba la namna hiyo linaloelea, ila meli ya kuvukia tu, hata hivyo kanuni ni ile ile. Kutoka hapa mpaka Goma, kutoka Goma mpaka Kigali, kisha Rusumo mpakani, kisha siku nzima na usiku wake ndani ya basi: nani atathubutu kuahidi siku na saa ya kufika? Lazima waweke siku za akiba. Siku ya Mbudya si nyongeza ya anasa juu ya safari. Ni siku ambayo kwa vyovyote wangaliitumia kulala chumbani mwa kijana wao, wakihesabu mbu.

Juu ya fedha hatumfichi baba. Kama siku hiyo italipwa kwa ada ya shule ya mtoto yeyote kati ya wale sita, jibu letu ni hapana, na binti atavumilia. Lakini kama ni akiba ya kijana, basi wapunguze usiku mmoja wa Zanzibar, ambako malazi ni ghali, wakae mbili badala ya tatu. Kwa wageni wasio Watanzania kiingilio cha hifadhi ni kikubwa kuliko cha wenyeji, na mashua hulipiwa mbali. Kijana aulize bei zote mbili mapema, naye aulize pia habari za hati za kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana atokaye Kongo bila kadi hiyo atajuta mpakani. Wako wanaoisifu Chumbe, kisiwa kilicho kusini ya mji wa Zanzibar, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1994, na walinzi wake wengine walikuwa wavuvi zamani. Sifa hizo ni za kweli. Pia huwapeleka wanafunzi wa shule za Zanzibar kuona. Lakini bei ya mgeni kulala huko si ya mshahara wa mwalimu, wa hapa wala wa kwingineko. Mbudya yatosha.

Sasa binti yetu. Wewe umeshinda hoja, lakini twataka kukuonya usitazamie picha ya kitabu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ziliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1975, na hata hivyo kwa miaka mingi pwani ile ilisikia mlio wa baruti. Mvuvi hutupa baruti majini, samaki huelea wakiwa wamekufa, naye hukusanya wachache walio juu. Wengine huzama, na nyumba yao inabaki kifusi. Baada ya mwaka 2016 serikali ilipowakazia, uvuvi huo umepungua sana, lakini kifusi hakiinuki kwa mwaka mmoja wala kumi. Zaidi ya hayo kuna joto. Maji yakizidi kipimo chake cha kawaida cha majira ya joto kwa nyuzi moja tu, na kudumu hivyo majuma kadhaa, mnyama yule hufukuza mimea inayomlisha, akageuka mweupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalikufa hivyo. Mwaka 2016 yaliugua tena. Na mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba ugonjwa huo umeenea katika bahari za dunia nzima kwa mara ya nne. Mwaka 2018 wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, matumbawe yatapungua kwa sehemu 70 hadi 90 katika mia. Ikifika nyuzi 2, karibu yote yatakwisha. Kwa hiyo utaona mahali palipo hai, penye samaki wa rangi zote, na hatua kumi mbele utaona kaburi. Angalia vyote viwili, uandike vyote viwili. Wenzako darasani watataka kujua, na watakaozaliwa baada yako huenda wasiwe na mahali pa kwenda kutazama.

Na usivunje kitu. Twasema hivyo kwa aibu, kwa sababu sisi wenyewe tulipofika pwani mara ya kwanza, tungali vijana, tulivunja tawi moja zuri la kupeleka nyumbani. Hatukujua kwamba tumeshika wanyama elfu. Siku ya pili walianza kuoza ndani ya basi, na abiria wote wakatutazama sisi. Mfupa wake mweupe ungali juu ya kabati letu; wanafunzi huuliza ni nini, nasi hatupendi kueleza tulivyoupata.

Kwako, mama. Hatutakuambia usiogope. Aliyeona Kituku asiogope maji, huyo hana moyo. Wala hatutakudanganya kwamba bahari ni pole kuliko ziwa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilipinduka katika upepo mkali. Twakuambia hayo ili uyaone yanayofanana: chombo kilichojaa mno, na majira ya upepo. Katika mambo hayo mawili una neno la kusema. Ukifika pale Kunduchi panapopandiwa mashua za Mbudya, hesabu watu, kisha hesabu majaketi ya kujiokoa. Majaketi yakipungua, shuka, hata kama watu wote wanakutazama na mwanao amekwisha kulipa. Vivyo hivyo bandarini siku ya meli.

Lakini twaona faida moja kwako katika siku hii ya Mbudya, na ndiyo iliyotufanya tuandike kirefu hivi. Kuvuka kwenda Zanzibar ni yapata kilomita 70, saa mbili hivi kwa meli ya mwendo wa kasi, na ukiisha kupanda huwezi kusema nishusheni. Kwenda Mbudya ni nusu saa au chini yake, na nchi kavu haikupotei machoni. Ukifika, maji yakiwa yamekupwa, waweza kusimama mchangani maji yakiwa magotini, ukainama na kutazama kwa miwani ya majini, bila kuogelea. Ukishindwa, hakuna aliyekulazimisha. Unaweza kushindwa hata mapema zaidi, pale pale ufukweni Kunduchi kabla ya kuikanyaga mashua, ukakaa chini ya mti na kuwangoja mpaka jioni. Ndiyo maana twasisitiza kwamba kati ya siku ya Mbudya na siku ya meli iwepo siku moja tupu. Katika siku hiyo utajua mwenyewe kama unaweza, na kama huwezi, mumeo na mwanao watakuwa na nafasi ya kuirudisha tikiti yako bila haraka wala lawama. Meli si sakramenti; yaweza kuahirishwa.

Majira ndiyo yaliyobaki. Baba amependa likizo kubwa ya mwezi wa Julai na Agosti. Sisi twapendelea likizo ya Noeli. Miezi ile ya katikati ya mwaka ni ya upepo wa kusi, bahari huchafuka na wengi hutapika melini. Kuanzia Desemba ni kaskazi: jua kali, lakini maji huwa matulivu zaidi na meupe zaidi. Nauli ya basi hupanda kidogo wakati wa sikukuu, twajua. Kisha waangalie mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa na bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na pwani ile maji hukauka mpaka chini kabisa yapata saa nne ya asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya mama. Mahali pake ni upande wa kisiwa unaotazama bara, kwa kuwa upande wa pili mawimbi hupiga wazi. Wavae viatu vya mpira au vya plastiki, maana kuna mnyama wa miiba mirefu myeusi kama nungunungu mdogo, naye akikuchoma hutembei siku mbili. Wakanyage mchanga tu, kamwe wasikanyage matumbawe. Mwenye kutaka kuelea juu ya kina avae jaketi, aende na mtu wa pale aijuaye mikondo.

Barua hii tulimwonyesha mwenyewe kabla ya kuipeleka kupigwa chapa, naye akarudi jioni na karatasi ya pili. Wamekubaliana juu ya Noeli. Kijana ameandikiwa atazame kalenda ya mwezi. Mama amesema atafika Kunduchi, na habari ya mashua ataamua akiiona. Baba mwenyewe hakusema kama ataingia majini, lakini ameuliza kama jibini ya Masisi itafika Dar es Salaam salama, kwa kuwa mkewe hakubali kwenda kwa mwana mikono mitupu. Itafika. Wachague iliyokomaa, ngumu, isiyokatwa. Waifunge katika kitambaa, wasiifunge katika plastiki, maana hutoa jasho. Waiweke kikapuni juu ya magoti yao, wala si chini ya basi karibu na mashine. Na mpakani waulize kwanza kabla ya kuificha.